Tulijaribu makoti ya baridi Kisangani tukijiandaa kwenda umisheni Ulaya, kisha ubalozi ukataka vipimo vya DNA

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa humu wa miaka mingi, ila kuandika huwa navivia. Leo nimejikaza nifungue uzi wangu wa kwanza, maana hili jambo likiendelea kukaa kifuani litanitoboa.

Yamenipata mimi mwenyewe. Siyo jirani, siyo "kuna jamaa yangu mmoja". Majina nimeyabadilisha, chumvi sijaongeza hata punje. Kwa kweli mengine nimeyapunguza, kwa sababu hata mimi nikiyasoma naona kama mtu anatunga.

Mimi ni Mkongomani, naishi Kisangani. Ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya cha kanisa, na pia ni mwinjilisti. Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu upande wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo. Ila watu wakiongea humu ndani ya uzi nitawaacha waongee cha kwetu; mkiona "njo" ni "ndiye", na "nyuma" ni "baadaye". Chekeni mkitaka, mradi msome mpaka chini.

Twende.

Kanisa letu lina marafiki kwenye nchi moja ya Ulaya. Nchi siitaji. Kwao makanisa yamebaki na wazee watupu, vijana hawaonekani, mengine yamefungwa milango. Wakaandika kuomba familia moja kutoka kwetu iende ikakae kule, baba ahubiri na kutembelea wagonjwa, mama asaidie akina mama.

Nimewahi kuona wamisionari wakija kwetu tangu niko mtoto. Kwamba safari hii sisi ndio tunaombwa kwenda kwao, nilipata kizunguzungu cha furaha.

Kamati ikafunga na kuomba, ikatuchagua sisi. Mimi, mke wangu ambaye hapa mtaani anaitwa Mama Débora, na watoto wetu wanne: Débora mwenye miaka kumi na sita, Ruth kumi na mitatu, Amosi tisa, na kitinda mimba wetu Gloire, mitano.

Hapa niwaeleze kuhusu Ruth, msije mkapotea.

Ruth ni mtoto wa mdogo wangu Etienne. Etienne na mke wake Mado walikufa maji wakirudi kutoka soko la Yangambi, boti ya mbao ilipogonga gogo na kupasuka. Mwili wa Etienne ulipatikana, wa Mado haukupatikana mpaka leo. Ruth alikuwa na miaka miwili na alikuwa kwetu mjini siku hiyo, anaumwa surua, mimi mwenyewe namtibu.

Hakurudi tena kijijini. Alibaki hapo hapo kwenye kile kitanda.

Haikuwa siri. Picha ya Etienne na Mado ipo ukutani sebuleni kwetu na Ruth anajua ni wazazi wake. Lakini mimi ananiita papa, mke wangu anamwita mama, na hakuna mtu nyumbani anayetamka maneno "mtoto wa marehemu". Hiyo ni sheria niliyotoka nayo kwetu Yanonge, kijijini, ukishuka na mto kutoka mjini. Nikiwa mdogo alikuja binamu mmoja kukaa kwetu, nikamuuliza mama mbele ya watu kama huyu ni wa kwetu au ni mgeni tu. Mama alininyang'anya sahani ya lituma, zile ndizi za kutwanga ninazozipenda mpaka kesho, akampa yule binamu. Akasema:

"Mu hii nyumba hatuulizake mutoto iko wa nani. Mwenye iko anakula hapa, iko wa hapa."

Sikuuliza tena maishani mwangu. Kumbukeni hiyo sahani.

Maandalizi yakaanza na wakuu, mtaa mzima ulihama na sisi. Wamama wa kanisa walitutafutia makoti ya baridi kwenye mitumba. Makoti manene kama magodoro. Siku walipoyaleta ilikuwa saa saba mchana, joto la Kisangani mnalisikia tu, na watoto wakayavaa wote wanne wakawa wanatembea uani kwa maringo, jasho linawatiririka. La Ruth lilikuwa jekundu lenye kofia yenye manyoya. Hakutaka kulivua. Alikula nalo. Majirani walijaa kwenye ua wa mianzi kucheka.

Nilipiga picha siku ile. Bado ninayo kwenye simu na siwezi kuifungua.

Tukajaza fomu. Idadi ya watoto: wanne. Nikaandika wanne bila hata kupumzisha kalamu. Na vyeti vya kuzaliwa vilikuwepo, tulivitengeneza miaka ya nyuma mahakamani kwa mkupuo mmoja, watoto wote wanne, baba mimi, mama mke wangu. Hakimu hakuuliza na mimi sikuona la kusema. Wala sikuona kwamba nimesema uongo. Mtu akinishika shingo siku ile na kuniambia "wewe mwinjilisti unadanganya", ningemshangaa kwa moyo mweupe kabisa.

Tukapanda ndege kwenda Kinshasa, familia nzima, tukaitwa ubalozini.

Yule mama wa dirishani alisoma karatasi zetu mara mbili, akavua miwani, akauliza kwa Kifaransa cha upole: familia moja, mbona majina sita tofauti?

Nikacheka. Sikujua kwamba hilo ni tatizo. Kwetu mtoto habebi jina la baba. Anapewa jina la mtu: bibi, shangazi, mjomba, au rafiki aliyekufaa siku ya shida. Watoto wanne wa tumbo moja wanakuwa na majina manne na hakuna anayeshtuka. Nikamweleza vizuri. Akanisikiliza, akaandika, akasema basi itabidi DNA.

Tukaingizwa chumba cha pili, kila mtu kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Gloire alidhani ni pipi akakiuma. Tukarudi Kisangani tukiwa na amani. Mimi nilikuwa nimeshafikia kwenye kutafuta mtu wa kumwachia mbwa.

Kuna mkuu atauliza hapa: ina maana hukufikiria kabisa kwamba Ruth atakamatwa na kipimo? Jibu ni hapana. Kweli kabisa, muuguzi mzima, sikufikiria. Nilishaacha kumhesabu Ruth pembeni miaka mingi. Mke wangu alikumbuka tukiwa tayari tumerudi, anachambua pondu, yaani kisamvu, kisu kikasimama mkononi. "Papa Débora," akaniambia, "na Ruth?"

Ndipo na mimi nikakumbuka.

Majibu yalikuja kwa email. Débora, Amosi, Gloire: watoto wetu. Ruth: hana uhusiano wa mzazi na yeyote kati yetu wawili.

Nikaandika barua ndefu ya kuomba radhi, nikaeleza kifo cha ndugu yangu, nikaeleza desturi yetu. Walinijibu kistaarabu. Wakasema inawezekana, hutokea. Kama kweli mimi ni ndugu wa baba yake, kuna kipimo cha kuonyesha hivyo, watatumia mate yale yale, na kikithibitisha watatazama upya.

Mungu anajua nilivyoshukuru. Nikawaambia watoto tuko salama. Ruth akarukaruka.

Majibu ya pili yalinikuta kituoni, natoka kumchoma mtoto sindano.

Hakuna undugu wa damu kati yangu na Ruth. Hakuna. Siyo ami, siyo binamu, siyo chochote. Mimi na yeye ni sawa na watu wawili waliokutana sokoni.

Nilikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Mama mmoja mgonjwa akanisogezea maji ya kunywa.

Wakuu, niliahidi ukweli, kwa hiyo naandika na hili ingawa linanichafua. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani siyo huruma kwa Ruth. Ni Mado. Nikasema kumbe shemeji alikuwa anatoka nje. Kumbe ndugu yangu alizikwa akiwa amedanganywa, na mimi nimelea miaka kumi na moja mtoto wa mwanaume nisiyemjua. Mwanamke aliye chini ya mto hawezi kujitetea, nami nikamhukumu kati ya chumba cha sindano na benchi. Muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Na barua ilikuwa na sehemu ya pili. Maombi ya watu watano yangeweza kuendelea, ikiwa nitatia sahihi karatasi ya kuliondoa jina la Ruth, na kuleta karatasi nyingine ya mtu wa familia yake aliyekubali kubaki naye.

Kamati ya kanisa ilikutana siku iliyofuata baada ya ibada. Papa pasteur, mchungaji wetu na mwenyekiti wa kamati, ni mtu mwema, msimwone mbaya. Aliongea taratibu:

"Papa Débora, kazi ya Mungu haiwezi kusimama juu ya mutoto moja. Ruth atabakia kwa koko yake, mama yako, Yanonge. Nyuma atabafuata. Sasa, kama mulango iko wazi, donc tunaingia."

Watu wakaitikia amina.

Na mimi nikaitikia.

Ndiyo. Niliitikia amina. Nilijiambia ni kwa muda tu, nilijiambia roho za watu zinasubiri kule, lakini chini kabisa kulikuwa na lile neno la maabara. Siyo damu. Lilikuwa limenilegeza mkono niliomshika nao Ruth, na nilijua, na nikaacha ulegee.

Mke wangu hakubishana. Alisema tu, "Wewe njo utamuambia. Mi siwezi." Kisha akaenda kupanga begi la Ruth.

Na mimi sikumwambia. Nilimdanganya. Nilisema tunakwenda Yanonge kumuaga koko, bibi yake, kabla ya safari, mimi na yeye tu.

Tulipanda baleinière, zile boti ndefu za mbao zenye mashine, tukashuka na mto. Ruth alikaa juu ya magunia, begi lake mapajani. Kawaida ni mtoto wa maswali elfu: hiki kisiwa kinaitwaje, yule mtu anavua nini. Siku ile hakuuliza swali hata moja. Nikafikiri ni jua.

Mfukoni nilikuwa na ile karatasi ya pili na kidau cha wino wa kidole, kwa sababu mama yangu hajui kuandika.

Yanonge tulifika mchana. Mama alikuwa ameketi barazani anafunga kwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani. Ni mzee sasa, macho yamefifia, vidole bado vina kasi. Alimkumbatia Ruth, akamnusa nywele, akamtuma mtoni na mabinti wa jirani wakaoshe vyombo.

Kabla sijaendelea, kuna kitu kimoja mkiweke akilini. Nyuma ya nyumba ya mama kuna kaburi dogo. La mtoto mchanga. Tangu nikiwa na miaka sita, kila nikifika, kazi yangu ya kwanza ni kupalilia pale. Mama alisema ni la ndugu yangu aliyekufa mdogo. Jina hakuwahi kulitaja, na kwetu, nimeshawaambia, hatuulizi. Siku ile pia, kabla ya kuketi, nilichukua jembe nikapalilia. Mazoea.

Halafu nikakaa mbele ya mama, nikatoa karatasi. Nikamweleza ubalozi, vijiti, majibu ya kwanza, majibu ya pili. Akawa anafunga kwanga zake tu.

Nikamaliza hivi: "Mama, laboratoire inasema Ruth haiko damu yetu. Mi naona Mado alikuwa anatembeaka inje."

Vidole vikasimama.

"Rudisha iyo neno."

"Mama, haiko mi njo nasema, ni mashini…"

"Rudisha! Mado iko chini ya maji mupaka leo, hatukumupata hata kumuzika. Na wewe unafika hapa na karatasi unamuvua nguo?"

Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti vile. Jirani aliyekuwa anatwanga upande wa pili akaacha kutwanga.

Na mimi, ujinga wangu, nikajibu: "Basi damu ya Ruth imepotelea wapi?"

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, mmoja, halafu mwingine. Niliona anataka kuacha, anataka kurudi kwenye kwanga zake. Nadhani kama nisingemgusa Mado angeingia na siri hiyo kaburini.

"Ya Ruth haikupotea," akasema. "Ruth iko wa Etienne. Etienne alitoka mu hii tumbo. Ni wewe njo hukutoka mule."

Wakuu.

Mimi nina miaka arobaini na minne.

Sikupiga kelele. Masikio yaliziba, kama mtu aliyepiga mbizi. Nilikuwa naona midomo ya mama inacheza, kisha sauti ikarudi taratibu, na niliyoyasikia nayaandika hapa kama alivyoyasema.

"Bateau ilikuwa inapanda. Bakashusha hapa mwanamuke moja, mugonjwa, na mutoto mu mugongo. Luga yake hatukusikia. Kesho yake akakufa ku dispensaire. Hatukujua hata jina. Mi nilikuwa nimezika Lokondo yangu siku ine tu. Maziwa ilikuwa inanitoka mupaka ku nguo. Bakanileteya ule mutoto, akashika titi. Ni ile tu. Haiko na ingine."

Lokondo ni jina langu, wakuu.

Nikageuka nikatazama nyuma ya nyumba. Udongo wa pale ulikuwa bado mbichi, nimetoka kuupalilia.

"Na jina?" nikauliza.

"Jina ilikuwa iko. Mwenye kuibeba njo alikuwa ameenda."

Miaka thelathini na nane nimekuwa nikipalilia kaburi la mtu ambaye jina lake natembea nalo. Kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha ndoa, kwenye kila sindano niliyosaini kituoni. Mwenyewe amelala pale, chini ya kwato za mbuzi, bila hata kibao.

"Juu ya nini haukuniambiaka?"

Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye nimeuliza jambo la ajabu.

"Ningesema nini? Ulikuwa unanyonya."

"Na nyuma, mama? Nilikuwa mukubwa!"

"Nyuma ulikuwa mutoto yangu."

Akachukua jani, akaendelea kufunga kwanga.

Najua kuna watakaosema bibi kizee kachanganyikiwa. Na mimi nilitaka iwe hivyo. Nilitoka mbio mpaka kwa katekista wa zamani, mzee aliyenifundisha kusoma, nikamuuliza nikiwa bado nahema. Hakushtuka hata kidogo. Alisema yeye ndiye aliyemzika yule mwanamke, na akaniuliza kwani umejuaje. Jirani anayetwanga anajua. Mwenye boti iliyotuleta anajua. Kijiji kizima, wakuu. Kizima! Watu wamenisalimia miaka yote hiyo, wamekula harusi yangu, wameniita mtoto wa mama fulani bila kupepesa macho.

Nilirudi barazani nikakaa. Ile karatasi ilikuwa bado juu ya mkeka, na kidau cha wino. Nikaisoma tena. Mtu wa familia yake anakubali kubaki na mtoto.

Familia ya damu ilikuwa ni Ruth mwenyewe na huyu bibi. Wageni pale tulikuwa mimi na karatasi yangu. Mtoto niliyemleta nimwache kwa sababu hana damu yetu, ndiye mjukuu pekee wa damu aliyebaki kwa mama yangu. Na yule aliyeokotwa kwenye bandari, akapewa titi siku hiyo hiyo bila fomu na bila kijiti, ndiye aliyekuja na wino kumwacha mwenzake.

Nililia. Mtu mzima, mchana kweupe, mbele ya kwanga. Nililia kwa aibu zaidi kuliko kwa kushtuka.

Ndipo Ruth akapanda kutoka mtoni, beseni la vyombo kichwani. Akanikuta hivyo. Akashusha beseni polepole.

Nikajifuta. "Ruth, usifungue sac yako. Kesho tunarudia mungini, Kisangani, wote wawili."

Alisimama tu, maji yanamdondoka kwenye magoti. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Koti yangu haiko mu sac, papa."

"Nini?"

"Siku ya kutoka niliangalia. Manguo yote mama aliweka, hata cahier. Koti haikuwa. Nikasema, bon, basi fasi yenye naenda hakuna baridi."

Alijua. Safari nzima juu ya yale magunia, saa zote zile, alijua anakwenda kuachwa, na alipanda boti mwenyewe kwa miguu yake.

"Na haukuniuliza?"

"Kwetu tunaulizaka?"

Nilimvuta nikamshika, mpaka mama akasema nimwachie mtoto apumue.

Karatasi niliiacha pale. Mama aliwashia moto wa jioni.

Turudi mjini. Mke wangu alikuwa uani tulipofika, ameshika ndoo. Alimwona Ruth na begi lake. Ndoo ikaanguka, maji yote chini. Hakunisalimia, alikimbilia ndani akatoka na lile koti jekundu, akamvalisha Ruth pale pale juani, akafunga zipu mpaka shingoni, huku analia anarudia "unisamehe, unisamehe." Mimi nilisubiri zamu yangu ya kusalimiwa, haikuja. Nilistahili hivyo.

Kamati niliiambia: tunakwenda sita au hatuendi. Nikawaeleza yote. Papa pasteur alishika kichwa kwa muda mrefu. Wengine walinielewa, wengine mpaka leo wanasema nimemkimbia Mungu kama Yona. Wapo waliohamia upande wa pili wa kanisa wasikae benchi moja na mimi.

Ubalozi niliwaandikia ukweli mtupu. Kwamba mimi siyo ami yake, yaani tonton kwa cha kwetu. Kwamba siyo ndugu wa damu wa mtu yeyote ninayemjua duniani nje ya watoto wangu watatu. Kwamba Ruth ni mtoto wangu hata hivyo na siondoi jina.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Hapana, kwa wote sita. Maelezo ya kwanza hayakuwa ya kweli, na sheria yao haina kisanduku cha kuwekea habari kama zetu. Siwalaumu sana. Ile fomu niliijaza mimi.

Familia nyingine imekwenda. Tuliwasindikiza mpaka uwanja wa ndege, tukawapa makoti yetu. Matano. Lile jekundu halikutoka nyumbani.

Sasa nimeanza kushughulikia mahakamani karatasi za kumlea Ruth kisheria, zile ambazo ningezitengeneza tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Nilichojifunza ni hiki, na nakisema kama mtu aliyechomwa: wenye watoto wa ndugu zenu majumbani, wapendeni bila kuuliza, lakini watengenezeeni karatasi za kweli. Upendo wetu haukuwa na kosa. Karatasi ndiyo ilikuwa na kosa, na karatasi ilikaribia kuua upendo.

Na lile la pili ni gumu zaidi. Nilikuwa naamini mimi ni mtu wa kubeba wengine. Kumbe nilibebwa kwanza, na siku ya kupimwa nilikaribia kumwangusha niliyembeba. Bado sijalizoea. Naamka naangalia mikono yangu najiuliza ni mikono ya nani.

Mtanishauri: yule mwanamke wa kwenye boti, nianze kutafuta watu wake, au nimwache apumzike? Mke wangu anasema tafuta. Mama anasema utakula wapi ukishawapata. Wenye uzoefu wa namna hii msinipite. Na wenye matusi pia karibuni, nimeshazoea.

Mwisho kabisa, maana nilitaka kuishia hapo juu nikaona ningewadhulumu.

Mwezi uliopita tulishuka Yanonge wote sita. Nilikuta mbigili zimejaa kwenye lile kaburi. Nikaenda kuchukua jembe kama kawaida, nikasimama nalo pale, mkono ukakataa. Nilishindwa hata kuinama.

Ruth akaja akalichukua mkononi mwangu. Anajua kila kitu, tulimwambia.

"Acha, papa, nitalima mimi," akasema. Akaelekeza kidole chini kwenye udongo. "Uyu njo tonton yangu. Wewe uko papa."

Akaanza kupalilia.